Chupa yako mwenyewe: Anza na mchoro, kalibu baadaye

WAFUNGASHAJI wengi wadogo wa asali katika mikoa kama Tabora, Singida na Katavi hutumia chupa zinazofanana, nyingine zikiwa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maji. Mteja dukani hutofautisha bidhaa kwa lebo tu. Ndiyo maana wazo la kuwa na chupa ya umbo lako mwenyewe linavutia.

Wazo hilo ni zuri, lakini lina gharama. Chupa ya plastiki hupulizwa ndani ya kalibu ya chuma au aluminiamu. Kosa likionekana kwenye mchoro wa kompyuta, msanifu hulirekebisha kwa muda mfupi. Likionekana baada ya chuma kuchongwa, huenda ukalipia kalibu upya. Kwa hiyo, mjasiriamali hana budi kuanza na mchoro.

Mpe msanifu vipimo

Wengi humpelekea msanifu picha ya chupa waliyoipenda. Picha haitoshi. Anza na uzito wa bidhaa.

Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ina takriban kilo 1.4. Hivyo nusu kilo ya asali huhitaji mililita 357 hivi, ukiacha nafasi kidogo ya hewa juu. Anayejaza asali katika chupa ya maji ya mililita 500 anatoa karibu gramu 700. Akiuza kwa bei ya nusu kilo, gramu 200 zimekwenda bure. Akipunguza ili ibaki nusu kilo, mteja ataona chupa haijajaa na kudhani amepunjwa. Aidha, uzito ulioandikwa kwenye lebo lazima uwemo ndani, kwani Wakala wa Vipimo hukagua bidhaa zilizofungashwa.

Pili, plastiki husinyaa inapopoa. Ile ngumu isiyong'aa inayotumika kwa madumu husinyaa kwa asilimia 2 hivi kila upande. Asilimia hiyo inaonekana ndogo, lakini ujazo hupungua kwa karibu asilimia 6. Mwambie msanifu plastiki utakayotumia kabla hajaanza kuchora.

Tatu, usibuni shingo ya chupa. Tafuta kwanza kifuniko kinachopatikana sokoni wakati wote, kisha mpe msanifu kifuniko chenyewe apime. Kwa chupa za PET, zile angavu kama za maji, shingo huja tayari kwenye kichupa kigumu kiitwacho prifomu, na kalibu huunda kiwiliwili tu.

Nne, eleza joto la kujazia. Chupa ya kawaida ya PET huanza kulegea joto linapokaribia nyuzi 70, hivyo haifai kwa juisi ya moto. Mwisho, acha eneo lililonyooka la lebo. Penye mabonde lebo hukunjamana.

Piga hesabu

Tuseme mchoro na kalibu vinagharimu jumla ya sh milioni 6.3, nawe unataka kurudisha fedha hiyo katika miaka miwili. Ukiuza chupa 2,000 kwa mwezi, utauza 48,000, na kila moja itabeba sh 131 za kalibu. Ukiuza 500 kwa mwezi, utauza 12,000 na kila chupa itabeba sh 525, kabla ya bei ya plastiki, kifuniko na asali yenyewe. Je, mteja wako atakubali kuongeza sh 525 kwa sababu ya umbo la chupa? Kama jibu ni hapana, bado hujafikia wakati wa kuwa na kalibu.

Faili ni mali

Kabla ya kulipa, andikishianeni mkataba. Utaje kuwa mchoro ni mali yako, idadi ya marekebisho yaliyomo katika bei, na kwamba utakabidhiwa faili la STEP ambalo karakana nyingine inaweza kulifungua. Asiye na faili hubaki mateka wa karakana moja.

Lipa kwa awamu. Kabla ya chuma kuchongwa, omba sampuli iliyochapishwa kwa printa ya pande tatu; ishike, jaribu kifuniko na bandika lebo. Malipo ya mwisho yatoke baada ya chupa za kwanza kujazwa asali na kupimwa kwenye mizani. Kwa ushauri, ofisi za SIDO mikoani na TEMDO ya Arusha ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kwa wenye mauzo madogo ipo njia nyingine. Vikundi vitano vinaweza kuchangia kalibu moja, kila kimoja kikabaki na lebo yake. Kila kimoja kikiuza chupa 500, zile 2,000 kwa mwezi zitapitwa.