Daktari wa kijijini aliyeshika bunduki

Kwa miaka mingi wakazi wa Saint-Denis, kijiji kilicho kando ya Mto Richelieu nchini Kanada, walimjua Wolfred Nelson kama daktari wao. Novemba 23, 1837 aliwaongoza vitani. Wakulima hao, waliochoshwa na utawala wa Uingereza, waliwarudisha nyuma askari wa serikali.

Ushindi haukudumu. Siku chache baadaye askari walirudi wakachoma nyumba. Nelson alikamatwa, na mwaka 1838 akapelekwa uhamishoni Bermuda, mbali na mkewe Charlotte na watoto wao.

Alirejea Montreal mwaka 1842, akaendelea na udaktari. Mwaka 1847 meli zilileta maelfu ya watu waliokimbia njaa Ireland, wengi wakiugua tifasi, homa inayoenezwa na chawa. Nelson aliwahudumia, akijua angeweza kuambukizwa na kufa. Mwaka 1854 mtu huyo aliyewahi kuitwa mhaini akawa meya wa jiji.

Mzazi, mwanao akikuuliza shujaa ni nani, msimulie habari ya bunduki, lakini usiiache ile ya homa.