Nyumba erevu ya Mkomani ianzie kwenye tangi la maji

Ukitajiwa "nyumba erevu", pengine unawaza taa za rangi zinazowaka ukipiga makofi, au spika inayojibu maswali kwa Kiingereza. Hizo ni za kwenye video. Hapa Mkomani, kuanzia nyumba zenye mageti makubwa hadi ploti zilizopakana na Kongowea, shida inajulikana: maji. Mfereji unatoka leo, kesho kimya. Mombasa hutegemea maji ya mbali, ya visima vya Baricho kule Kilifi, chemchemi za Mzima kule Tsavo na Marere kule Kwale, na yakifika huku hayatoshi. Ndiyo maana nyumba nyingi zina tangi chini, tangi lingine juu ya paa, na pampu katikati.

Kazi ya kuwasha na kuzima pampu huachiwa mtu. Akisahau, tangi la juu linafurika na maji yanamwagika barabarani huku jirani akitazama kwa uchungu. Ama mbaya zaidi, tangi la chini linakauka na pampu inaendelea kunguruma bila maji mpaka inaungua. Hapo pesa ya fundi inatafutwa, na siku kadhaa mnanunua maji kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa wenye mikokoteni.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na kompyuta ya ukubwa wa kadi ya ATM. Wewe kijana unayependa kuchokora vitu vya stima na simu, unaweza kuifunga. Ila jiulize mapema: mtambo wako utafanya nini siku mambo yakiharibika?

Kidude chenyewe

Kompyuta ya bodi moja ni kompyuta kamili: prosesa, memori na matundu ya USB vyote vimekaa kwenye kibao kimoja. Inayojulikana zaidi ni Raspberry Pi. Ya kwanza iliingia sokoni tarehe 29 Februari 2012, ikitoka Cambridge, Uingereza, kwa bei ya dola 35. Waliobuni walitaka watoto wa shule wajifunze kuandika programu bila kuogopa kuharibu kompyuta ya nyumbani.

Kinachoitofautisha na laptopu yako ni zile pini 40 zilizopangwa pembeni. Kupitia pini hizo inaweza kusoma kihisi au kuamrisha swichi. Lakini sikiza vizuri: pini hizo zinavumilia volti 3.3 tu. Ukiziingiza volti 5 moja kwa moja, bodi inaweza kwenda na maji.

Kwa nyumba moja, panga hivi. Bodi kubwa, mfano Raspberry Pi 4, inakaa ndani ya nyumba kama ubongo. Bodi mbili ndogo, mfano Raspberry Pi Zero 2 W zenye waifai, zinakaa moja kwenye tangi la juu na nyingine kando ya pampu na tangi la chini. Ukiwa na ESP32, ambayo ni chipu ya bei ya chini isiyo kompyuta kamili, inaweza pia kufanya kazi ya hizo ndogo.

Kupima maji unatumia kihisi cha sauti. Kinapiga mlio usiosikika na binadamu, kisha kinasubiri mwangwi urudi kutoka kwenye uso wa maji. Sauti husafiri zaidi kidogo ya mita 340 kwa sekunde, kwa hivyo mwangwi ukirudi baada ya milisekunde 6, maji yako chini takriban mita moja. Chagua kihisi kisichoingia maji, na ukiinue kidogo, kwa sababu cha aina hiyo hakioni kitu kilicho karibu mno, chini ya sentimita 20 hivi. Vihisi vingi vya sauti hurudisha volti 5. Weka rezista mbili, ya kiloomu 1 na ya kiloomu 2, upunguze mpaka 3.3 kabla ya kugusa pini.

Na usidhani haya ni mambo ya ng'ambo. Kule Nyeri, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi wametumia vihisi vya sauti kupima kina cha mto Muringato na kutuma vipimo kwa redio. Anayepima mto na anayepima tangi wanatumia hesabu ile ile.

Zinavyozungumza

Kwenye ile bodi kubwa unaweka Home Assistant, programu ya bure iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Ndiyo inayokupa ukurasa wa kuona kila kitu kwenye simu na mahali pa kuandika kanuni: hiki kikitokea, fanya kile.

Bodi ndogo huzungumza nayo kwa lugha inayoitwa MQTT. Ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper, kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo mawasiliano ni ghali na hukatika ovyo. Umeona inavyotufaa?

Inafanya kazi kama baraza lenye karani. Bodi ya paani inamwambia karani, "tangi la juu, asilimia 40." Karani anampelekea yeyote aliyesema anataka habari za tangi la juu. Bodi hazihitaji kujuana. Karani mwenyewe ni programu ndogo, mfano Mosquitto, inayokaa ndani ya ile bodi kubwa. Hakuna kinachopita ng'ambo, kwa hivyo hata bando ikiisha, ruta ikiwaka tu tangi na pampu zinaendelea kuongea.

Kimya kikizidi, zima

Sasa tuje kwenye uzito wenyewe. Kuandika kanuni ya "tangi likishuka asilimia 30 washa, likifika 90 zima" ni kazi ya jioni moja. Lakini kihisi kikijaa buibui? Ruta ikizima katikati ya kazi? Pampu itakuwa imewashwa na hakuna wa kuiambia isimame.

Kwa hivyo kanuni ya kuzima usiiweke kwenye ubongo pekee. Iweke kwenye bodi iliyo kando ya pampu. Ipe masharti manne. Moja, isiwashe kama tangi la chini lina chini ya asilimia 20. Mbili, ikikaa sekunde 60 bila habari za tangi la juu, izime. Tatu, izime baada ya muda fulani, liwe liwalo. Piga hesabu: tangi la lita 1,000 na pampu inayosukuma lita 30 kwa dakika linajaa kwa dakika 33 hivi. Weka kikomo cha dakika 45. Nne, unganisha rilei kwa namna ambayo isipopata umeme inakata, ili bodi ikizima, pampu nayo izime.

MQTT ina kitu kinachoitwa wasia. Bodi inapojiunga inaacha ujumbe kwa karani: nikipotea ghafla, watangazie hivi. Tumia wasia huo simu yako ikupe habari kwamba bodi ya paani haipo tena.

Juu ya yote, usitoe floti za kawaida. Ziache kwenye njia ya umeme wa pampu ziwe ulinzi wa mwisho, pamoja na swichi ya mkono ambayo hata nyanya anaweza kuifikia bila kutafuta simu.

Stima na chumvi

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Kupotea kwa mtaa mmoja ndiyo usiseme. Raspberry Pi ikikatiwa umeme huku ikiandika kwenye memori kadi, kadi inaweza kuharibika na ubongo usiamke tena. Tumia betri ndogo ya akiba kwa bodi kubwa na ruta, hifadhi data kwenye diski ya SSD ukiweza, na weka nakala ya mipangilio yako mahali pengine.

Halafu kuna bahari. Hewa ya chumvi inakula shaba na soda ya waya. Bodi ya paani iwe ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, waya ziingilie chini, na kivuli kiwepo, maana jua la Januari halina huruma.

Upande wa volti 240, tafadhali usijitie ushujaa. Pampu ya nusu nguvu ya farasi huvuta mkondo mara kadhaa zaidi inapoanza kuliko inapokimbia, na rilei ndogo ya buluu inaweza kugandana ikiwa imewasha. Rilei iamrishe kontakta, na kontakta ndiyo iwashe pampu. Sehemu hiyo ifungwe na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Maji na umeme vikikutana havikupi nafasi ya pili.

Funga mlango

Mwaka 2016, programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila zilizotoka nazo kiwandani. Badilisha nywila zote siku ya kwanza. Usifungue tundu la ruta yako kwa dunia nzima ili uone tangi ukiwa town. Tumia VPN.

Uanze wapi?

Usinunue kila kitu kwa pamoja. Anza na bodi moja na kihisi kimoja kwenye tangi la juu, bila kugusa pampu. Soma vipimo wiki mbili. Utajua familia inatumia lita ngapi kwa siku, maji ya mfereji huja saa ngapi, na kama kuna bomba linalovuja usiku watu wakiwa wamelala. Ukikwama, Swahilipot Hub iko pale karibu na Fort Jesus, na huko Tudor kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa wanaocheza na bodi hizi. Watafute.

Ukimaliza kwenu, kuna ploti za jirani zenye pampu na mtu aliyechoka kupanda ngazi kuchungulia tangi. Mwenye nyumba hatakuuliza bodi yako ni ya aina gani. Atauliza stima ikipotea pampu itakuwaje. Uwe na jibu, na umwonyeshe kwa kuzima meni swichi mbele yake.