Maneno ya Kiingereza na Mtihani wa Kidato cha Nne

Kila mwaka, miezi ya Oktoba na Novemba ikaribiapo, taa huwaka mpaka usiku sana katika nyumba nyingi za Mamboleo, pale njia ya Miwani inapokutana na barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kakamega. Vijana wa kidato cha nne hujitayarisha kwa mtihani wa kumaliza shule ya sekondari, ambao hufanywa katika Kenya tangu mwaka 1989. Wengi wao wana daftari lililojaa maneno magumu ya Kiingereza, kila neno na maana yake moja, nao huyakariri moja baada ya jingine. Kazi hiyo ni ya jasho, lakini faida yake ni ndogo kuliko wanavyodhani.

Mtihani wa Kiingereza una karatasi tatu, zenye alama 200 kwa jumla. Katika karatasi ya kwanza mwanafunzi hupewa habari yenye nafasi 10 zilizo wazi, naye hujaza kila nafasi kwa neno lifaalo. Katika ya pili husoma habari, kisha huulizwa maana ya neno kama lilivyotumiwa humo. Katika ya tatu hutunga insha. Mahali pote hapo kinachopimwa ni kama mwanafunzi ajua jinsi neno linavyofanya kazi kati ya maneno mengine. Na jambo hili si dogo. Kiingereza ni somo la lazima kwa wote, tena ndiyo lugha ya karatasi za hesabu, sayansi na historia. Na asiyepata wastani wa C+ haruhusiwi kuingia moja kwa moja katika masomo ya shahada ya chuo kikuu.

Basi, mwanafunzi aanze na maneno gani? Mwaka 1953 Mwingereza mmoja, Michael West, aliyekuwa amefundisha miaka mingi katika Bengal, alitoa orodha ya maneno yapata 2,000 yanayotumika sana. Maneno hayo na jamaa zake ni kama sehemu nne kwa tano za maandishi ya kawaida. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand aliongeza orodha ya jamii 570 za maneno ya vitabu vya elimu ya juu, mathalani "assume", "evident" na "contrast". Kijana ayaachaye haya na kukimbilia maneno ya ajabu, yasiyoonekana ila mara moja kwa mwaka, anaezeka paa kabla ya kusimamisha ukuta.

Jambo la pili ni kuyajua maneno kwa jamaa zake. Katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, lilikuwako neno "portare", maana yake kubeba. Kutokana nalo Waingereza walipata "import", kuingiza bidhaa, "export", kupeleka bidhaa nje, "transport", kusafirisha, na "portable", kitu kiwezacho kubebwa. Ajuaye mzizi mmoja amepata maneno manne. Lakini yataka hadhari. "Port", yaani bandari kama ile ya Kisumu, lilitoka katika neno jingine la Kilatini, "portus". Na humo ndimo lilimotoka "opportunity", nafasi njema, kwa sababu hapo kale lilihusu upepo uvumao kuelekea bandarini. Mvuvi wa Dunga hahitaji kamusi kufahamu kwa nini upepo wa namna hiyo ukaitwa bahati.

Jambo la tatu ni kuyajua maneno kwa marafiki zake. Mswahili husema mvua kubwa na upepo mkali. Mwingereza husema mvua ni "heavy", yaani nzito, na upepo ni "strong", yaani wenye nguvu. Akisikia mvua yenye nguvu, masikio yake hukataa. Tena neno moja la Kiswahili, kuazima, laweza kutumiwa kwa yule atoaye kitu na kwa yule akipokeaye. Kiingereza hutenga: atoaye ni "lend", apokeaye ni "borrow". Makosa ya namna hii hayaponywi kwa orodha. Huponywa kwa kusoma magazeti na vitabu, na kuandika sentensi nzima jinsi neno lilivyokutwa.

Jambo la nne ni kurudia. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha, baada ya kujipima mwenyewe, kwamba mambo yaliyokaririwa hupotea upesi sana katika saa na siku za kwanza, kisha upotevu hupungua. Kwa hiyo neno lililoandikwa leo litazamwe tena kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha juma moja, kisha mwezi. Maneno matano kwa siku, siku sita kwa juma, kwa majuma 40, ni maneno 1,200. Yeyote aanzaye Januari aweza kuyapata. Aanzaye Oktoba hawezi, hata akikesha.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye asidhani hana msaada. Jioni na amwambie mwanawe aeleze maneno ya siku hiyo kwa Kijaluo au kwa Kiswahili, na kutoa mfano wa mambo ya nyumbani, sokoni au ziwani. Mtoto akiweza kumfahamisha nyanya yake neno hilo mpaka akaridhika, amelijua. Akishindwa, na afungue daftari tena siku hiyo hiyo, kwa maana msimamizi wa mtihani hatampa nafasi ya pili.