Hermes: Manowari ya Ndege Iliyozama Bila Ndege

Manowari ya Uingereza Hermes ilipozamishwa tarehe 9 Aprili 1942, karibu na Batticaloa kwenye pwani ya mashariki ya Ceylon (sasa Sri Lanka), haikuwa na ndege hata moja. Kikosi chake cha 814 kilikuwa kimebaki nchi kavu, Trincomalee. Ndiyo maana wengi husema kwamba ingekuwa na ndege zake, ingepona. Mimi naona hoja hiyo haisimami. Kilichoiponza Hermes ni mahali ilipokuwa, na sababu ya kuwa pale.

Meli hii ilisanifiwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kazi ya doria. Ndiyo ya kwanza kusanifiwa tangu mwanzo kwa ajili ya kubeba ndege, ingawa Hosho ya Japani iliiwahi kukamilika. Uzito wake ulikuwa kiasi cha tani 10,850, mwendo wake noti 25, na katika Vita vya Pili ilibeba ndege 12 hivi aina ya Swordfish, zenye mabawa ya ghorofa mbili na mwendo wa pole. Ni silaha ndogo, lakini mbele ya adui asiye na ndege za maana ilitosha kabisa. Julai 1940, huko Dakar, Swordfish zake ziliipiga kwa topido manowari kubwa ya Ufaransa, Richelieu. Februari 1941, majeshi ya Uingereza yaliposonga kutoka Kenya kuelekea Kismayu, ndege zake zilizitafuta baharini meli za biashara za Italia na Ujerumani zilizokuwa zikitoroka bandari hiyo, na kadhaa zikakamatwa. Miezi michache baadaye ilikuwa katika Ghuba ya Uajemi, ikisaidia operesheni za Iraki. Anayeiita meli mbovu anasahau miaka hiyo miwili.

Ceylon mambo yalikuwa mengine. Admirali Nagumo wa Japani alikuja na manowari tano za ndege, zilezile zilizoshambulia Pearl Harbor isipokuwa moja. Asubuhi ya tarehe 9 Hermes, iliyokuwa imetoka Trincomalee usiku ili kukwepa shambulio la bandari, ilionwa na ndege ya upelelezi. Ilikuwa ikirudi bandarini pamoja na meli ya vita Vampire ya Australia ilipovamiwa na mawimbi ya ndege za kupiga mbizi na kuangusha mabomu. Haikuchukua nusu saa kuzama. Watu 307 walikufa, akiwemo nahodha wake Richard Onslow. Takriban 600 kutoka meli hizo mbili zilizozama waliokolewa na meli ya hospitali Vita. Ndege za kivita za Fulmar zilizotumwa kutoka nchi kavu zilifika Hermes ikiwa imeshazama.

Je, Swordfish zingebadilisha nini? Jibu lilikwisha kutolewa siku nne kabla: Swordfish sita zilizokuwa zikiruka kuelekea Colombo zilikutana na ndege za kivita za Zero za Japani, na zote sita ziliangushwa. Ndege ya topido haiwezi kuwa ngao ya angani, na zikiwa ndani ya meli, mafuta na silaha zake zingeuchochea tu moto.

Kwa hiyo swali la haki ni kwa nini meli ya doria ilikuwa pale. Taarifa za kijasusi zilitabiri shambulio siku ya kwanza ya Aprili. Lilipokosa kutokea, Admirali James Somerville, aliyeongoza meli za Uingereza huko, aliona hatari imepita, akaipeleka Hermes Trincomalee ijiandae kwa uvamizi wa Madagaska, na kruza Dorsetshire na Cornwall zikaenda Colombo. Kumtetea si vigumu: meli zake kadhaa zilipungukiwa maji na mafuta, na hakuna kundi la manowari linaloweza kukaa baharini likisubiri bila mwisho. Hata hivyo, alizitawanya meli zisizo na ulinzi wa ndege kabla ya kujua Nagumo yuko wapi. Zote tatu zilizama, kruza hizo tarehe 5 na Hermes tarehe 9.

Manowari za Somerville zilizokuwa zikienda polepole zilirudishwa nyuma hadi Kilindini, Mombasa. Mwezi uliofuata bandari ya Diego Suarez, Madagaska, ilivamiwa, nayo kazi ya angani ikafanywa na Illustrious na Indomitable, meli kubwa zenye sitaha za chuma kizito, dhidi ya Wafaransa wenye ndege chache: adui wa aina ile ambayo Hermes ilikuwa imeizoea.