Istilahi za Divai Nyekundu ya Bordeaux

Mfasiri anayepewa maelezo ya chupa ya divai ya Ufaransa ili ayatie katika Kiswahili hukwama mapema. Neno divai lenyewe halimsumbui. Asili yake ni Kifaransa, nalo ni bayana kuliko mvinyo, neno tulilolipata kwa Wareno, ambalo baadhi ya wasemaji hulitumia hata kwa vileo vikali. Taabu huanza kwenye sifa. Katika makala haya tutaichukua divai nyekundu ya Bordeaux kuwa mfano.

Divai hiyo kwa kawaida haitokani na zabibu za aina moja. Katika Médoc, upande wa kushoto wa mto Gironde, hutangulia Cabernet Sauvignon. Katika Saint-Émilion na Pomerol hutangulia Merlot. Cabernet Franc huongezwa kwa kiasi. Aina hizo huchachushwa mbalimbali, kisha mtengenezaji huonja na kuamua vipimo. Merlot huiva mapema na huleta ulaini. Cabernet Sauvignon huchelewa, lakini ndiyo impayo divai nguvu ya kudumu miaka mingi. Wafasiri wengi huandika “divai iliyochanganywa”. Hapo pana hatari, kwa kuwa mnunuzi ataelewa kwamba imetiwa maji, na muuzaji atakuwa ameshitakiwa na lebo yake mwenyewe. Tunapendekeza divai mseto. Katika mseto wa mchele na choroko, kilimo cha mseto, na serikali ya mseto, kila kilichoingia kimeingizwa kwa makusudi, wala hakuna aliyedanganywa.

Baadaye divai hutiwa katika mapipa ya lita 225, aghalabu kwa miezi 12 hadi 18 au zaidi. Pipa kwetu siku hizi ni la bati au plastiki, kwa hiyo hatuna budi kuutaja mti. Wafasiri wa Biblia walitupatia mwaloni, kwa kufuata Kiebrania, na wasomaji wanaufahamu kwa habari za Abrahamu huko Mamre. Hata hivyo, mtu wa Mwanza akisikia “divai ya mwaloni” atadhani imeteremshwa pale samaki wanapopakuliwa! Basi na iandikwe kwa ukamilifu: pipa la mti wa mwaloni. Mbao zake hupitisha hewa kidogo kidogo, na kwa kuwa pipa huchomwa ndani kwa moto, huachia harufu ya vanila na ya moshi.

Kwa tendo hilo tumeona “kuzeesha”, neno linaloashiria kuchakaa. Kuvundika nako hakufai, maana anayevundika ndizi anataka kuziharakisha, na hapa jambo lenyewe ni subira. Kukomaza kunatosha.

Istilahi tunayoifurahia zaidi ni ukakasi, maana haikuhitaji kuundwa. Aliyekula bibo au ndizi mbichi anaijua hali ile ya ulimi kukwaruza. Sababu ni tanini, zitokazo katika maganda na kokwa za zabibu, na kwa kiasi fulani katika mbao za pipa, ambazo hushikamana na protini za mate na kuuondolea ulimi utelezi wake. Wanaoandika “uchungu” wanakosea: uchungu ni ladha, ukakasi ni mguso. Vilevile “divai kavu” ni tafsiri ya sisisi. Kinachokusudiwa ni divai isiyo tamu, ambayo sukari yake imekwisha kugeuka kileo.

Bila ukakasi hatuwezi kueleza kuoanisha divai na chakula. Protini na mafuta ya nyama huzishika tanini kabla hazijayashika mate, nayo divai huonekana laini. Ndiyo maana wenyeji wa Bordeaux huinywa na mwanakondoo wa Pauillac, au na nyama ya ng’ombe iliyochomwa juu ya vijiti vya mizabibu. Pilipili kali huuzidisha ukakasi. Samaki wenye mafuta mengi hawaoani nayo, kwani chuma kilichomo katika divai nyekundu huamsha shombo.