Hifadhi ya Diski Ikigoma Kufunguka Baada ya Kuhamia Mashine Pepe

Ujumbe wenyewe unatisha. Hifadhi haifunguki, kuna hitilafu ya kusoma na kuandika, ifute uiunde upya kutoka kwenye nakala rudufu. Ndivyo ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye diski nyingi, inavyosema inaposhindwa kuziunganisha diski zake, na wengi wanaoukuta ujumbe huo usiku wa kuhamisha seva ya mafaili huuchukua kama hukumu ya mwisho. Si hukumu. Mara nyingi data ingali kwenye diski, na kitakachoamua kama itarudi ni kile ambacho mwenye seva atafanya katika saa moja inayofuata.

Tuseme studio ya picha ina kompyuta yenye diski sita, zote zimeunganishwa kuwa hifadhi moja ya pamoja chini ya TrueNAS, mfumo wa seva ya mafaili unaotumia ZFS. Fundi anaona kompyuta ina nguvu zisizotumika. Anasimika Proxmox, mfumo wa kuendeshea mashine pepe, kisha ndani yake anaiweka TrueNAS kama mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, na kuikabidhi zile diski. Kazi inakwenda vizuri siku kadhaa. Umeme unakatika, unarudi, na hifadhi haionekani tena.

Mshukiwa wa kwanza ni Proxmox yenyewe, kwa sababu nayo inaijua ZFS. Inapowaka inaweza kuzitambua zile diski na kuifungua hifadhi kabla mashine pepe haijaamka. Mashine pepe ikiamka, nayo inataka kuifungua. ZFS haikubuniwa kutumiwa na mifumo miwili kwa wakati mmoja: kila mmoja huamini hifadhi ni yake peke yake, na huandika mahali unapodhani ni patupu, kumbe mwenzake ameshapajaza. Ipo kinga ya awali. Hifadhi hukumbuka mashine iliyoitumia mara ya mwisho, na mashine ngeni hukataliwa. Kinga hiyo huondolewa kwa herufi moja, -f, ambayo watu huiandika kwa mazoea bila kuuliza kwa nini wamekataliwa.

Ili kuelewa kwa nini bado kuna tumaini, tazama jinsi diski ilivyopangwa. ZFS ilitengenezwa katika kampuni ya Sun Microsystems na kikosi cha Jeff Bonwick na Matthew Ahrens, na msimbo wake ukawekwa wazi katika OpenSolaris mwaka 2005. Haiandiki juu ya data inayotumika. Huandika mpya mahali pengine, kisha husogeza rekodi kuu ielekeze huko. Kila diski ina lebo nne za KiB 256 kila moja, mbili mwanzoni na mbili mwishoni. Nusu ya kila lebo ni mzunguko wa rekodi kuu zilizopita, kwa hiyo hali ya hifadhi ya muda mfupi uliopita bado imeandikwa pale.

Lakini mzunguko huo ni mfupi mno. Kwa kawaida ZFS hufunga kundi la miamala, yaani maandishi yaliyokusanywa pamoja, na kuandika rekodi kuu mpya kila sekunde 5 au chini ya hapo. Rekodi zikiwa za KiB 1 zinaenea 128, ambazo ni kama dakika 10 za kuandika mfululizo. Kwenye diski za sekta za KiB 4, ambazo ndizo nyingi siku hizi, zinaenea 32 tu: hazifiki dakika 3. Na hata rekodi ya zamani ikisalia, data inayoelekezwa nayo inaweza kuwa imeshafunikwa. Ndiyo maana ninasisitiza kwa nguvu zote: zima mashine pepe mara moja. Usiiwashe tena kuona kama itakubali. Usiguse zpool create wala zpool labelclear, na usibonyeze kitufe chochote kinachotaja kuunda au kusafisha diski.

Hatua inayofuata ni kuzirudisha diski kwenye mashine halisi isiyo na tabaka lolote katikati, na kusoma lebo kwa zdb -l, ukiitaja sehemu halisi ya diski yenye data. Amri hii haiandiki kitu. Itakuonyesha jina la hifadhi, jina la mashine iliyoifungua mwisho, na namba ya kundi la miamala. Linganisha namba hizo diski kwa diski. Tano zikikubaliana na moja ikiwa nyuma, tatizo lina sura tofauti kabisa na pale ambapo lebo hazisomeki popote. Zisiposomeka, chunguza kwanza njia ya kusomea: baadhi ya kadi za RAID huficha sehemu ya diski kwa ajili ya kumbukumbu zao, na baadhi ya makasha ya USB hubadilisha ukubwa wa sekta, hivyo jedwali la sehemu za diski halionekani pale lilipotarajiwa.

Kama data haina nakala kwingine, nakili kila diski nzima kwa ddrescue kabla ya jaribio lolote. Ni gharama ya diski nyingine sita, najua. Kisha fungua kwa kusoma tu: zpool import -o readonly=on -f. Hapa -f ni halali, maana umehakikisha hakuna mashine nyingine inayoishika hifadhi. Ikifunguka, nakili mafaili yote nje kwanza. Ikikataa, zpool import -F -n itakuambia kama kurudi nyuma kidogo kunawezekana, bila kubadilisha kitu. Chaguo la -X huchimba nyuma zaidi, laweza kuchukua muda mrefu sana, na sishauri kulitumia kwenye diski za asili.

Ukitaka kuhamia tena, kabidhi mashine pepe kadi nzima ya diski, na dereva wa vfio-pci aishike tangu Proxmox inapowaka ili Proxmox isizione diski kabisa. Washa pia multihost=on, iliyokuja na ZFS ya Linux 0.7 mwaka 2017. Kila mashine ikiwa na kitambulisho chake, hifadhi inayotumika kwingine itakataa kufunguliwa hata ukiandika -f.