Gia Iliyokupandisha

Ukikaa saa moja pale Sigi, karibu na jengo la zamani la stesheni ya reli ya Wajerumani ambalo leo ni kituo cha habari cha Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, utajua kwa pua tu gari lipi limeshushwa kwa gia na lipi limeshushwa kwa breki. La kwanza hupita na vumbi lake na moshi kidogo. La pili huja na harufu kali, kama mpira na nywele vimetiwa motoni pamoja, na magurudumu yake ya mbele yanafuka.

Niliona Noah moja la namna hiyo, masika, likitokea Kwamkoro na abiria pamoja na magunia ya iliki. Dereva alikuwa kijana. Aliruka nje, akanyakua dumu la maji, akaliendea gurudumu la mbele. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea lori la chai akamwita.

"Mwanangu, usilimwagie maji. Liache lipoe lenyewe."

"Shikamoo mzee. Pedali inazama mpaka chini, sina breki kabisa."

"Marahaba. Umeshuka na gia gani?"

"Ni otomatiki, mzee. Nimeacha kwenye D."

Mzee akatikisa kichwa. "Gia iliyokupandisha ndiyo ikushushe."

Maneno hayo nimeyasikia kwa madereva wengi wa milimani, na kila mara huwa natamani yangeandikwa kwenye kibao pale juu, kabla ya kona ya kwanza. Ndani yake mna fizikia ya kutosha kuokoa maisha ya watu.

Tuanze na hesabu. Kwamkoro na Amani ziko kwenye mwinuko wa karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari. Sigi iko karibu mita 450. Gari dogo lenye uzito wa tani moja na nusu likishuka mita hizo 450 linaachia nishati ya takriban kilojuli 6,600. Nishati haipotei. Kwa kuwa gari linafika Sigi likienda polepole kama lilivyoondoka, nishati yote hiyo lazima iwe imeishia mahali fulani, na karibu yote inaishia kuwa joto. Kiasi hicho kinatosha kuchemsha maji ya ndoo ya lita 20, kutoka ubaridi wa asubuhi hadi yatokote. Sehemu yake inachukuliwa na matairi, matope, mashimo na upepo. Inayobaki inamsubiri dereva aamue aipeleke wapi.

Mtu aliyetufundisha kuhesabu hivi alikuwa Mwingereza, James Prescott Joule, mzaliwa wa Salford kwenye familia ya watengeneza bia. Katika miaka ya 1840 aliachia mawe ya mizani yashuke taratibu, kamba zake zikizungusha makasia ndani ya chombo cha maji, kisha akapima kwa uvumilivu wa ajabu jinsi maji yale yalivyopata joto. Kwa vipimo vya leo, maji yanahitaji kuporomoka mita 427 ili joto lake lipande digrii moja tu ya Selsiasi. Mita 427 ni kama kutoka Amani hadi Sigi! Mto Zigi unateremka mlima uleule, na anguko lake lote, hata kama lingegeuka kuwa joto, lingeongeza digrii moja na kidogo. Mto haufuki moshi kwa sababu kila lita inabeba joto lake yenyewe. Gari linafanya kinyume: joto la anguko la tani moja na nusu linasukumwa ndani ya kilo chache za chuma cha disiki na ngoma za breki, na chuma hupanda joto karibu mara tisa zaidi ya maji ya uzito uleule kwa nishati ileile. Ndiyo maana disiki iliyotumika mfululizo kwenye mteremko huweza kupita digrii 400. Ukiimwagia maji ya mto wakati huo inajikunja au kupasuka, na yule mzee alilijua hilo bila kusoma kwa Joule.

Wenzetu wa Usambara Magharibi wana mteremko mrefu zaidi. Lushoto iko karibu mita 1,400, Mombo karibu mita 400, na kati yake kuna lami ya kilomita 30 na ushee kupitia Soni. Hapo gari lilelile linaachia joto la kuchemsha zaidi ya ndoo mbili. Lami laini haichukui sehemu kubwa ya nishati kama inavyofanya barabara yetu ya udongo, na inamshawishi dereva kwenda mbio. Mimi naihofia lami ile kuliko matope ya Amani.

Sasa, kwa nini pedali ya kijana yule ilizama? Watu husema breki zimefeli, kana kwamba kuna kitu kimevunjika. Mara nyingi hakuna kilichovunjika. Mguu wako unapokanyaga pedali, nguvu inasafirishwa hadi gurudumuni na mafuta ya breki, kwa sababu kimiminika hakibonyei. Lakini mafuta hayo yana tabia moja: yanafyonza unyevu wa hewa. Unyevu unapenya polepole kupitia mipira ya breki na mfuniko wa kichupa chake. Kwenye mfuniko utaona maandishi kama DOT 3 au DOT 4. Mafuta mapya ya DOT 3 yanatakiwa yasichemke kabla ya digrii 205, na ya DOT 4 kabla ya 230. Yakishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7, viwango hivyo vinashuka hadi 140 na 155. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu wa Kwamkoro unaweza kukaa juu ya chai tangu alfajiri hadi saa nne. Gari linaloishi humo linakunywa unyevu kila siku.

Mafuta ya breki yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke. Mvuke, tofauti na kimiminika, unabonyea. Unakanyaga, mguu unabana mapovu, magurudumu hayasikii kitu. Kibaya zaidi, gari likipoa mvuke unarudi kuwa kimiminika, na pedali inakuwa ngumu kama zamani. Mwenye gari anampelekea fundi, fundi anakanyaga, anasema breki ni nzima kabisa. Wiki ijayo mteremko uleule unamkuta tena. Kwa hiyo ukisikia fundi anasema hakuna tatizo baada ya pedali kuzama mlimani, mwombe amwage mafuta yote ya breki, atie mapya na kutoa upepo kwenye magurudumu yote manne. Kwa magari ya huku, kila miaka miwili si anasa. Na usinunue chupa iliyokwisha kufunguliwa hata kama bei ni nusu, maana iliyokaa wazi dukani imeshakunywa unyevu wake.

Turudi kwenye gia. Ukishuka kwa gia ndogo bila kukanyaga mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Injini ya petroli inalazimika kuvuta hewa kupitia mlango uliofungwa karibu kabisa, kazi ngumu sana, na nishati ya mlima inamalizikia humo. Joto lake linatoka kwa moshi na kwa rejeta, vitu vilivyotengenezwa kutoa joto mchana kutwa. Breki zinabaki baridi, zikisubiri kona. Injini ya dizeli haina mlango huo, ndiyo maana malori mengi yana breki ya ziada inayoziba bomba la moshi, ile inayoguna kwa sauti nzito unapopishana nayo.

Kuna ushauri wa kale unaopitishwa kijiweni kwamba mteremkoni uweke gari fri, au hata uzime kabisa, ili kuokoa mafuta. Ushauri huo haukutoka hewani. Zama za kabureta, injini iliyozungushwa kwa nguvu na magurudumu iliendelea kunyonya petroli. Magari ya leo ya sindano za kielektroniki yanafanya kinyume: ukiachia pedali ya mafuta gari likiwa kwenye gia na injini inazunguka vizuri, kompyuta inakata petroli kabisa. Ukiweka fri, injini inahitaji mafuta ili isizimike. Kwa maneno mengine, anayeshuka fri kutoka Kwamkoro anachoma petroli ambayo anayeshuka na gia ya pili haichomi. Na anayezima injini amejinyang'anya pia ombwe linalousaidia mguu wake kukanyaga. Baada ya kukanyaga mara mbili tatu pedali inakuwa ngumu kama jiwe, usukani nao unakuwa mzito, na ufunguo ukirudi nyuma mno usukani unajifunga kabisa. Ushauri huu umeua watu, na natamani uachwe.

Wenye otomatiki hujitetea kwamba gari linajichagulia gia. Linajichagulia kweli, ila halioni mlima ulio mbele yake. Linaona tu kwamba hujakanyaga mafuta, hivyo linapanda gia kubwa. Kwenye Noah, Spacio, Ist na magari mengi ya Kijapani tunayonunua yakiwa yametumika, kuna kitufe cha O/D pembeni ya gia, na chini ya D kuna 2 na L au herufi nyingine. Havikuwekwa kwa ajili ya urembo. Zima O/D kabla ya kuanza kushuka, teremsha hadi 2, na penye kona kali weka L, gari likiwa tayari limepungua mwendo. Injini itapiga kelele kidogo. Iache ipige.

Matatizo haya yana umri sawa na gari lenyewe. Agosti 1888 Bertha Benz alichukua gari la mumewe, Karl, akaondoka Mannheim na wanawe wawili, Eugen na Richard, bila kumuaga mumewe, akaenda Pforzheim kwa mama yake, zaidi ya kilomita 100. Mafuta yalipopungua alinunua kwenye duka la dawa huko Wiesloch. Maji ya kupoza injini yaliisha mara kwa mara wakawa wanasimama kuyatafuta. Milima ilipozidi, wavulana walishuka kusukuma. Mabao ya breki yalipolika kwenye miteremko, Bertha alimtafuta fundi viatu ayapigilie ngozi. Aliporudi akamweleza mumewe kwamba gari lile linahitaji gia ndogo zaidi kwa ajili ya milima. Yeyote aliyewahi kusukuma gari kwenye utelezi wa Kwamkoro, huku mtu mwingine ameteremka bondeni kuchota maji, ameishi siku ile ya Bertha.

Upande wa kupanda nao una yake. Mwinuko ukiongezeka, maji huchemka mapema: karibu digrii 97 Amani, 95 Lushoto. Mfuniko wa rejeta ndio unaolirekebisha hilo. Springi yake inabana mfumo mzima hadi maji yavuke digrii 115 bila kuchemka. Mpira wa mfuniko ukichakaa, gari linaanza kuchemsha mlimani na mwenye gari anabadilisha pampu, feni, hata gasketi ya silinda hedi, kabla ya kufikiria kitu kidogo kiasi hicho. Anza na mfuniko. Na usiufungue injini ikiwa ya moto: maji yenye digrii 110 yakipoteza mgandamizo hugeuka mvuke palepale na kuruka usoni. Subiri mpaka mpira mkubwa wa juu wa rejeta uweze kuushika kwa kiganja.

Mafundi wengi hutatua kuchemsha kwa kung'oa themostati, wakisema hii ni ya nchi za baridi. Kwamkoro ya Julai haina joto, kwanza. Themostati hufunga njia ya maji hadi injini ifike digrii 80 na kitu, kisha inafungua. Ukiitoa, injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na kuongeza petroli, unyevu haukauki ndani ya oili, na gari linaanza kula mafuta bila sababu inayoonekana. Kwenye baadhi ya injini, kuitoa kunaacha pia tundu la pembeni wazi, maji yakazunguka bila kupitia rejeta, na gari likazidi kuchemsha. Tafuta themostati nyingine nzima.

Jambo moja linaniuma kila ninapoliona. Tukibadilisha maji ya rejeta au oili kando ya barabara, tunavimwaga mtaroni. Maji ya rangi ya rejeta yana glikoli, tamu kwa mbwa na kwa mtoto, na ni sumu. Mitaro ya Amani inashukia Mto Zigi, na Zigi unaingia bwawa la Mabayani, ambalo linawapa maji watu wa jiji la Tanga. Dumu tupu la lita tano kwenye buti linatosha kuyabeba hadi gereji.

Noah la kijana lilikaa pale Sigi zaidi ya nusu saa. Mzee alifungua boneti akaangalia kichupa cha mafuta ya breki. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi. "Ukifika Muheza, kwa fundi kwanza, abiria baadaye," akamwambia. Pedali ilikuwa imeanza kuwa ngumu tena, na kijana akafurahi akidhani imepona. Mzee akamwonyesha kitufe cha O/D kwa kidole, kijana akakibonyeza, akavuta gia hadi 2, na gari likaondoka likinguruma kidogo kuelekea Kisiwani.